Kuhamia Telegram si kujificha

Tangu Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya na watu wakahofia data zao kuishia Facebook, ushauri mmoja haujakoma kusambazwa: hameni, nendeni Telegram, kule ni salama. Hofu ilikuwa na msingi. Kimbilio ndilo lililokosewa, na WhatsApp imebebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

Tutazame ujumbe wenyewe kwanza. Tangu Aprili 2016, maandishi, picha na sauti anazotumiana mtu na mwenzake WhatsApp hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu. Kampuni inaupitisha ujumbe bila kuwa na ufunguo wake. Mfumo wenyewe umebuniwa na watu wa Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, na wataalamu wameuchunguza kwa miaka. Mtumiaji habonyezi chochote: bibi aliyenunuliwa simu janja jana analindwa sawa na mwandishi wa habari za uchunguzi.

Telegram haiendi hivyo. Gumzo la kawaida hukaa kwenye seva zake, na funguo anazo mwenye seva. Ndiyo maana ukiingia kwenye simu mpya mazungumzo yako ya zamani yanarudi yenyewe. Raha, kweli, lakini yalikuwa yamehifadhiwa na mtu mwingine anayeweza kuyafungua. Gumzo la siri lipo, ila sharti ulianzishe mwenyewe, na kila mtu mmoja mmoja. Kwa ujumbe wa kikundi halipo kabisa.

Hilo la vikundi ndilo linalonikosesha amani. Mambo yetu mazito yanaamuliwa kwenye magrupu: kamati ya harusi, chama cha kuweka na kukopa, walimu wanaodai malimbikizo, ukoo unaojadili ugonjwa wa mzee. Kiongozi anayewahamishia wanachama wake 200 Telegram kwa ajili ya usiri anawatoa mahali ambapo kila neno limefungwa, anawapeleka mahali ambapo hata wakitaka kulifunga hawawezi. Na wanahama wakiamini wamejificha, kwa hiyo wanasema zaidi. Septemba 2024, mwezi mmoja baada ya mwanzilishi wake, Pavel Durov, kukamatwa Ufaransa, Telegram ilibadili masharti yake: namba za simu na anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa mtandaoni) za wavunja sheria zitakabidhiwa kwa mamlaka zikiombwa kisheria.

Wanaoipenda wana hoja. Inakuruhusu kuficha namba yako, na kwa mwanamke aliye kwenye kikundi cha watu asiowajua hilo si dogo. Chaneli zake zinafikia umati mkubwa. Mwaka 2024 Kenya iliagiza izuiwe wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, kwa sababu ya udanganyifu uliokuwa ukienezwa humo. Hiyo ni nguvu ya kutangaza. Usiri ni kitu kingine.

WhatsApp nayo ina doa. Haisomi ulichosema, lakini inaweza kujua umeongea na nani na saa ngapi, na mmiliki wake, Meta (zamani Facebook), anaishi kwa matangazo. Kwa mfanyakazi anayefichua wizi ofisini, kujulikana tu kwamba alimpigia mwandishi usiku kunatosha kumponza. Hapo Signal haina mshindani. Mwaka 2016 ilipotakiwa kisheria huko Virginia, Marekani, kutoa taarifa za watumiaji, ilikuwa na tarehe mbili tu: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Mwenye kazi ya hatari atumie Signal. Tatizo ni kwamba wengi tunaozungumza nao hawapo huko.

Kwa sisi wengine, pengo kubwa liko kwenye nakala rudufu (backup) ya WhatsApp inayopelekwa Google au iCloud. Haifungwi kwa ulinzi ule mpaka uuwashe mwenyewe. Chaguo hilo lipo tangu 2021, ndani ya mipangilio ya gumzo, na ukisahau nywila uliyoweka nakala imepotea. Washa, kisha mwombe unayezungumza naye awashe pia, kwa kuwa maneno yako yamo kwenye nakala yake vilevile.