Maprofesa wote hao, kumbe dawa ni mfamasia

Juzi nilimsimulia rafiki yangu habari za PINCER, jaribio la kupunguza makosa ya kuandikia wagonjwa dawa, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzao wa Manchester na Edinburgh. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka: "Yaani maprofesa wote hao, walichokuja nacho ni mfamasia apitie mafaili?"

Ndiyo, ndugu yangu. Apitie mafaili.

Chukueni makosa yenyewe. Mgonjwa aliwahi kuugua vidonda vya tumbo, na kompyuta ya kliniki inalijua hilo tangu zamani. Leo kaja na goti linalouma. Daktari ana dakika chache, anamwandikia ibuprofen bila dawa ya kulinda tumbo, anamwita anayefuata. Wiki kadhaa baadaye mtu anaweza kutapika damu. Au mwenye pumu anaandikiwa propranolol, dawa ya moyo na presha inayoweza kumbana pumzi. Au mzee anameza dawa ya presha mwaka na zaidi, figo hazijapimwa hata mara moja.

Sasa tazameni jaribio lilivyopangwa, maana uhondo uko hapo. Kliniki 72 za England ziligawanywa makundi mawili kwa kura. Zote zilipewa orodha ya wagonjwa walio hatarini, imetolewa na kompyuta. Kundi moja likaachiwa orodha na maelezo mafupi. La pili likaongezewa mfamasia: anakaa na madaktari, anafungua faili moja moja, huyu dawa isimame, yule aitwe apimwe damu, na hili kosa lilipenyea wapi? Baada ya miezi 6, makosa ya aina zote tatu yalikuwa machache zaidi kwenye kliniki zenye mfamasia. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo mwaka 2012.

Orodha ileile! Kompyuta zilezile! Na bado kila siku tunauziwa programu ya kumaliza makosa ya dawa, yenye vitahadhari vinavyochomoza hadi daktari anavifunga bila kuvisoma. Hongereni sana.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba si muujiza. Mpango ulipopelekwa kliniki 370 za East Midlands, hukohuko England, maagizo ya hatari yalipungua kwa asilimia 16.7 baada ya miezi 6, na 15.3 baada ya mwaka. Lakini nyuma ya kila agizo lililopungua kuna mtu mwenye tumbo na figo.

(Na ile namba ya makosa ya dawa milioni 237 kwa mwaka huko England, mnayopenda kutishiana nayo: karibu robo tatu yake hayana madhara ya maana. Tulieni.)

Gharama je? Watafiti walipiga hesabu ya jaribio lao: ukiwa tayari kulipa pauni 75 kwa kila kosa linaloepukwa, uwezekano ni asilimia 95 kwamba pesa yako imetumika vizuri. Anayeona pauni 75 ni nyingi aulize kitanda cha mtu anayevuja damu tumboni kinagharimu kiasi gani kwa usiku mmoja.