Hatifungani ya maji ya Tanga inastahili wanahisabati wake

Vijana wa nyumbani Tanga wanaoniandikia kuuliza jinsi ya kutoka benki na kuwa mhadhiri wa hisabati ya fedha huanza na mshahara, nami huwajibu kwamba huku Uingereza hupungua, tena sana. Miaka ya benki nayo haimpeleki mtu mbali asipokuwa na shahada ya uzamivu na makala zilizochapishwa. Hata Emanuel Derman, aliyetoka Goldman Sachs akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa na uzamivu wa fizikia kabla ya kuingia benki.

Ninalotamani waniulize ni utafiti wenyewe uko wapi. Kanuni ya Black na Scholes ya mwaka 1973, ya kukadiria bei ya haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo, huchukulia kwamba mtu anaweza kununua na kuuza wakati wowote bila gharama, na katika benki niliyofanyia kazi London dhana hiyo haikuwa mbali na hali halisi, kwa kuwa bei zilibadilika mbele ya macho yetu siku nzima.

Sasa tazama Tanga. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani karatasi ya mkopo ambao fedha zake huenda kwenye miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mstaafu wa Ngamiani aliyeweka shilingi milioni 1 hupata shilingi 67,500 kila miezi sita, kabla ya makato yoyote. Tuseme wawekezaji wangeanza kudai riba ya asilimia 15 mara tu baada ya yeye kununua: hesabu ya kawaida ingesema karatasi yake ina thamani ya takriban shilingi 924,000. Lakini asipopata mnunuzi kwa wiki kadhaa, apunguze kiasi gani kwa ajili ya kusubiri? Na hatari ya mamlaka inayotegemea ankara za maji za wakazi wa mji mmoja ipimwe vipi, ilhali hakuna historia ndefu ya karatasi kama hiyo? Vitabu ninavyofundishia hugusa maswali haya kijuujuu tu.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wenzangu wa ughaibuni wanaosema taaluma hii isubiri soko la nyumbani likue. Soko linakosa wauzaji na wanunuzi kwa sehemu kwa sababu watu hawana pa kuanzia katika kukadiria bei, na kazi hiyo ni ya wanataaluma. Kikwazo kikubwa ni takwimu: mwanafunzi wangu huku hupata bei za kila siku za miaka mingi kupitia maktaba ya chuo, wakati kumbukumbu za marejesho ya mikopo katika benki zetu zimefungiwa ndani. Zikitolewa kwa vyuo bila majina ya wateja, mwanafunzi wa uzamivu aliyezaliwa Makorora anaweza kuzifanyia kazi akiwa nchini, na mimi niko tayari kumsimamia.