Msifunge Mchango, Mama Bado Anaumwa

Juzi mjomba kaandika kwenye grupu la familia: "Tunamshukuru Mungu, operesheni imefanyika salama, mgonjwa yupo nyumbani. Mchango umefungwa." Zikafuata amina nyingi. Nilikuwa nimetoka kumsafisha mama kidonda, na rufaa yake ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, iko mezani. Nimekasirika, na nasema hadharani kwa sababu najua jambo hili halipo kwenye ukoo wetu tu.

Huku Newala mjomba akishasema, neno limekaa. Basi na wajomba wasikie. Kukatwa titi si mwisho wa saratani ya titi. Kilichokatwa kinapelekwa maabara, na majibu yakirudi ndipo daktari anajua ugonjwa umefika wapi. Wa mama ulikuwa umeshafika kwenye tezi za kwapa. Ndiyo maana kaandikiwa dawa za dripu, halafu mionzi. Na mionzi hupigwi leo kesho ukapanda basi kurudi. Unapigwa dakika chache tu, lakini ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Muda wote huo mama anatakiwa alale Dar, ale Dar, na awe na mtu wa kumshika mkono. Tulichanga kwa ajili ya siku moja ya kisu, na miezi inayofuata tumemwachia nani?

Najua fedha ni ngumu. Mjomba mwenyewe alitoa kabla ya msimu wa korosho, wakati ghala la chama cha msingi cha ushirika halina hata gunia, na hilo silisahau. Lakini Oktoba minada itaanza na malipo yataingia. Kila nyumba ikiahidi sasa hivi kilo chache za korosho kwa ajili ya mama, tutajua tunasimama wapi. Harusi tunazipangia kamati na daftari. Mgonjwa naye apangiwe.

Halafu kuna mkono. Mashangazi wanamkataza mama kuuinua, eti mshono utafumuka. Daktari kasema kinyume: aunyanyue kidogo kidogo, atambaze vidole ukutani, kila siku apande zaidi ya jana, la sivyo bega litakakamaa. Kinachokatazwa ni mizigo, maana tezi za kwapa zikishatolewa mkono unaweza kuvimba, na uvimbe huo ukizoea hautoki kirahisi. Sasa fikirieni mwanamke wa uwanda wa Makonde asiyetakiwa kubeba ndoo! Hapa maji yanafuatwa, na kila anayeishi Newala anajua shida yake. Jirani mmoja amekuwa akimjazia mama pipa kila alfajiri bila kuombwa, na msaada huo ni mkubwa kuliko amina zote za kwenye simu.

Wanaokuja kumwona na kunong'ona kwamba karogwa, naomba wabaki makwao.

Wapo pia wanaume wa ukoo wanaosema ugonjwa huu ni wa wanawake, wanawake wamalize. Titi hilo ndilo lililowanyonyesha. Siku ya safari atahitaji mtu mwenye nguvu wa kumpandisha basi. Tena tusafiri mapema kabla ya tarehe ya kliniki, kwa sababu barabara yetu tunaijua: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata Kilwa, Kusini nzima ikakwama.

Kaka zangu wa Mbagala, nawaomba ninyi hasa. Tafuteni chumba cha chini, kisicho na ngazi, choo kiwe karibu. Pangeni zamu ya kumpeleka asubuhi na kumrudisha, na msimwache agombanie daladala na ule mkono. Mimi nitakuja naye na kukaa hadi atakapozoea, kisha nirudi kuwahi kuokota korosho zake, maana nazo zikioza hatutakuwa na nauli ya kumrudisha.