Sailensa Ninayo, Mama

Noah yangu ina adabu zote, isipokuwa Ijumaa ile nilivuka tuta la Nyegezi kwa haraka na sailensa ikaachia. Niliisikia ikiburuzika kwenye lami, halafu nikaisikia injini. Yaani niliisikia injini yenyewe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari. Mashine ya kusaga ukiiweka pembeni yake ni kwaya ya watoto.

Bahati mbaya nilikuwa nimepakia mgeni, mama mmoja Mmarekani anayependa kutazama ndege. Alikaa vidole masikioni kutoka Nyegezi hadi hotelini kwake Capri Point, na tulipoingia getini wahudumu walitoka nje kuangalia trekta limetokea wapi. Aliposhuka akaniambia kwa upole, huku anatabasamu, kwamba kesho tunatoka saa kumi alfajiri kuwahi lango la Ndabaka la Serengeti, na angependa wageni wenzake waendelee kulala.

Nikamwahidi. Sasa elewa jambo moja. Kiingereza changu ni cha shule, na cha shule kilitoka kwa Mwingereza aliyetutawala hadi 1961. Kile kitumbo cha chuma kwenye bomba la moshi yeye anakiita 'silencer', nasi tukakipokea hivyo hivyo. Ingia gereji yoyote Mwanza useme sailensa, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Kwamba Mmarekani anacho kitu kingine kabisa chenye jina hilo, nani angeniambia?

Nikaenda kwa fundi Igoma. Nikiwa nasubiri achomelee, nikaona ni ustaarabu kumtuliza mgeni wangu kwa meseji. Bado ninazo, natafsiri bila kupunguza kitu.

"Mama, usiwe na wasiwasi na kelele tena. Nimepata pesa, nanunua silencer."

Tiki mbili, zikageuka bluu. Kimya.

"Kuna rafiki yangu anazitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu. Ameshawafanyia watu wengi. Polisi hawatatusumbua."

Nilimaanisha trafiki. Gari likipiga kelele unajua wenyewe walivyo.

"Saa kumi alfajiri nitakuwa mlangoni kwako. Hakuna atakayesikia kitu, hata mlinzi."

Bluu. Kimya. Nikajisemea, amechoka, jua la leo halikuwa la mchezo. Halafu nikakumbuka kwamba juzi alitaja rafiki yake ambaye huenda wangesafiri pamoja, na mimi viti vya nyuma nilishavijaza vyuma vya fundi. Nikauliza:

"Utakuwa peke yako, au kuna mtu mwingine chumbani?"

Hapo hata ile bluu haikutokea. Nikaona nimalizie na picha. Sailensa ilikuwa imelazwa ndani ya kiroba, mdomo tu wa bomba ndio umetokeza. Nikaipiga vizuri, flashi ikawaka, nikatuma na maneno mawili: "Hii hapa."

Fundi alikuwa amefanya kazi. "Bosi," akaniambia, "ukipita na hii, paka aliyelala haamki." Nikamwambia wabeja sana, nikaenda kulala.

Alfajiri niliteremka kuelekea Capri Point kama mtumbwi uliokatiwa injini. Nilipokaribia geti nikazima hata taa, nisije nikawamulika watu madirishani. Adabu ikizidi nayo ni tatizo.

Tochi ikanipiga machoni. Mzee mlinzi na rungu lake. Nyuma yake meneja, shati la ofisini juu, bukta chini. Nyuma ya meneja mpishi, ameshika mwiko wa ugali, ule mkubwa wa kusongea wa watu hamsini.

"Shuka taratibu, kijana. Mikono juu. Iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Nini hiyo?"

"Sailensa."

Nikafurahi. Kumbe mama kawapa habari! "Ipo, mzee. Nimeshaifunga."

Meneja akarudi hatua mbili, akamkanyaga mpishi. "Umeifunga kwenye nini?"

"Kwenye gari. Iko chini pale, ukitaka kuiona ulale chali."

Mzee akawaza kidogo, akamkabidhi mpishi rungu, akalala chali. Tukabaki tunatazama viatu vyake. Tochi ikazunguka huku chini, ikaenda, ikarudi.

"Meneja," sauti ikatoka uvunguni, "hii ni ya ekzosi."

"Kwani kuna nyingine?" nikauliza.

Meneja akanieleza. Ile ya bastola, bwana, ya kwenye filamu: *tsu!* na mtu yuko chini. Kwao Marekani ukisema 'silencer' ndiyo wanayoiwaza kwanza. Nikazipitia meseji zangu kichwani moja moja. Vyuma chakavu. Polisi. Hata mlinzi hatasikia. Nilipofika kwenye "utakuwa peke yako" miguu ikaisha nguvu, nikakaa kwenye bampa.

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka. Dirisha la juu likafunguka, meneja akampigia mgeni kelele za maelezo, na mgeni akashika kichwa. "*Muffler!*" akaita. "Anamaanisha *muffler*!"

Hilo nililisikia vizuri, na mafla naijua. Nikamwonea huruma. Upepo wa ziwa saa kumi alfajiri unauma, na mama wa watu kasimama dirishani na gauni la kulalia. Nikavua ya kwangu shingoni, mafla ya timu yetu ya mpira, Pamba Jiji, nikapanda ngazi mbio, nikampa kwa mikono miwili. Meneja alicheka mpaka akakumbatia chungu cha maua.

Tulipovuka Buzuruga tulikuwa tumeshaombana radhi mara nne kila mmoja. Mama akanifundisha. Kitumbo cha ekzosi kwao ndiyo 'muffler'. Neno lenyewe asili yake ni kufunika, kuzungushia kitambaa, ndiyo maana Mwingereza aliita hivyo kitambaa cha shingoni na sisi tukapata mafla. Ile ya bunduki ilipata hataza Marekani mwaka 1909, mwenyewe Hiram Percy Maxim, ambaye kampuni yake ilikuja kuuza pia za kunyamazishia injini. Baba yake ndiye aliyeunda bombomu la Maxim, akaishia kuwa kiziwi kwa milio ya silaha zake. Baba anapiga kelele, mtoto anatafuta kifuniko. Familia nyingine bwana.

"Kwa hiyo Maxim mwenyewe aliita silencer, bunduki na injini," nikasema. "Basi sikukosea sana."

Alikuwa anafungua mdomo kunijibu tulipofika kwenye matuta ya Kisesa. La kwanza nikalivuka vizuri. La pili nikasikia *kraa*, halafu kitu kikaburuzika kwenye lami, halafu ile injini yangu ikarudi yote, mbwa wakaamka pande zote mbili za barabara.

Nikamwangalia kwenye kioo. Alichukua mafla ya Pamba, akaizungusha kichwani mara mbili juu ya masikio, akaifunga fundo chini ya kidevu. Mdomo wake niliuona unatamka neno moja. Sauti sikuisikia.