Stoli katika Ndege ya Injini Mbili: Mkufunzi Asisubiri

Rubani anayetoka kufundisha stoli, yaani mabawa kushindwa kuibeba ndege, katika ndege ya injini moja huja na tabia ambayo huko ilimpatia sifa: humwacha mwanafunzi akosee kwanza, ndege itikisike, pua iporomoke, ndipo wasahihishane. Kwa maoni yangu, anayesomea ukufunzi wa ndege ya injini mbili anapaswa kuiacha tabia hiyo ardhini.

Sababu iko katika umbo la ndege yenyewe. Injini zimening'inia mabawani, mbali na kiwiliwili, kama madumu ya maji kwenye mzega, na aliyewahi kugeuka kwa kasi akiwa na mzega begani anajua kwamba kusimama si kazi ndogo. Stoli huwa na adabu injini zote mbili zinapovuta sawa. Upande mmoja ukivuta kuliko mwingine, inaweza kugeuka spini, yaani ndege kuanguka huku ikizunguka, na ndege nyingi za aina hii hazikulazimika kuthibitisha kwamba zinaweza kujinasua humo.

Chukua Piper Seminole, ambayo ni ndege ya kawaida ya mafunzo. Flapu, yaani vibamba vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimefungwa, hupata stoli kwenye noti 57 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), ilhali kasi ya chini kabisa ambayo pedali, zile za miguu zinazoendesha usukani wa mkiani, bado zinaweza kuiweka ndege sawa injini moja ikizimika ni noti 56. Kasi hii ya pili hupungua kadiri unavyopanda, kwa kuwa injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hudhoofika katika hewa nyepesi na haiivuti ndege kando kwa nguvu ileile, lakini ile ya stoli haibadiliki kwenye kipimo cha kasi. Marekani hutaka zoezi la stoli limalizike si chini ya futi 3,000 kutoka ardhini. Ukizijumlisha na futi takriban 5,500 za uwanja wa Wilson, Nairobi, unakuwa mahali ambapo, kwa injini moja, stoli itakufikia kabla mguu haujahisi pedali imefika mwisho. Ndiyo maana stoli huku injini moja imezimwa haifai kujaribiwa hata kwa udadisi.

Nilipokuwa mafunzoni, mwenzangu alisukuma nyenzo zote mbili za nguvu ya injini kwa pupa kabla ya kushusha pua. Injini ya kushoto ikakohoa, ya kulia ikaitikia, na ndege ikageukia kushoto hata kabla hatujatamka neno. Tulikuwa juu vya kutosha. Mkufunzi wetu alirudisha nyenzo zote nyuma, akashusha pua, akanyoosha kwa pedali, kisha akaongeza nguvu polepole, pande zote kwa pamoja.

Siku hizi kile kimpira cha kwenye kipimo, kinachoonyesha kama ndege inateleza kando, kikitoka tu katikati, nachukua ndege, hata kama mwanafunzi atanuna hadi tutue.