Kabla hujaambiwa injini imenoki, mwaga kwanza hayo mafuta

Jumamosi iliyopita nilimkuta mjomba ameshahesabu hela. Laki tisa, noti za elfu kumi kumi, kaziweka juu ya siti ya jetiski, ile pikipiki ya majini, chini ya mwembe pale Luchelele hapa Mwanza, na fundi kasimama pembeni anafuta mikono kwa tambara anasubiri akabidhiwe. Nikauliza hizo za nini, mjomba akaniambia, "Mpwa, injini imenoki, inabidi ifunguliwe yote." Kunoki maana yake vyuma vya ndani ya injini vimeharibika au vimekwama. Nikamgeukia fundi, kaka umejuaje kama imenoki? Akajibu, "Si imegoma kuwaka." Hakuna kingine alichopima. Plagi hakuzitoa, tangi hakulichungulia, betri hakuiwekea mita.

Nina hasira toka siku hiyo mpaka leo naandika, na sio hasira na yule kijana peke yake, maana hili jambo naliona kila mwaka huku kwetu ufukweni kuanzia Luchelele mpaka Igombe. Mashine inafunikwa turubai mwaka mzima, siku wageni wamekuja inafunuliwa, inapigwa selfu mara arobaini, haiwaki, anaitwa mtu, anasema injini imekufa. Haijafa jamani! Mara nyingi kilichokufa ni petroli iliyomo ndani, na kuibadilisha hakufiki hata robo ya robo ya hela wanazotajiwa watu.

Hii ya mjomba ni ya zamani, ile ya kabureta mbili (vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Mara ya mwisho iliingia majini kwenye harusi ya binamu yangu, baada ya hapo ikavutwa na trela mpaka chini ya mwembe, tangi likiwa nusu, betri ikiwa imefungwa humo humo, ikakaa miezi 14. Mjomba mwenyewe anaishi Sengerema. Zamani alikuwa na sababu ya kutokuja kuiangalia, maana foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa inakula nusu siku ya mtu, lakini daraja limefunguliwa toka Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji mpaka Busisi, unavuka kwa dakika chache. Nilimwambia hilo na akakubali.

Sasa tuongee petroli, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Watu wanadhani petroli ni kama maji, ukiiweka unaikuta vile vile. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito, na vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka injini ikiwa ya baridi, na hivyo hivyo ndivyo vinavyotoroka wa kwanza kupitia tundu la hewa la tangi. Vinavyobaki vinazidi kukutana na hewa vinageuka, vinakuwa vizito, vinaanza kunata kama vanishi. Miezi mitatu mpaka sita inatosha kabisa kuiharibu, na kwa jua letu la Mwanza sishauri mtu asubiri hata hiyo sita. Halafu tangi likiwa nusu, nusu nyingine ni hewa, mchana inapata joto usiku inapoa, unyevu unaganda kwenye kuta za tangi kama matone kwenye chupa ya soda, yanateremka, yanalala chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa. Na yule fundi alikuwa kageuza swichi ya mafuta akaiweka akiba, eti ianzie huko, wakati mrija wa akiba ndio unaonyonya chini kabisa pale maji yalipo!

Nilichukua chupa tupu ya maji ya kunywa ile ya lita moja, nikachomoa mrija wa tangi, nikakinga. Nikachukua nyingine nikaweka petroli niliyotoka kuinunua sheli njiani, nikaziweka zote mbili juu ya ukuta zipigwe na jua mjomba aone. Ya sheli nyepesi, unaona vidole vyako nyuma ya chupa. Ya kwenye tangi ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyochemka ikasahauliwa jikoni, na chini ya chupa kuna tabaka la maji kama unene wa kidole, ukiitikisa yanavunjika vishanga vishanga yanarudi kuungana. Harufu yake haikuwa ya petroli tena, ilikuwa kali ya chachu, kama kabati jipya lililopakwa vanishi. Mjomba aliinusa, akairudisha ukutani, akakusanya zile noti akaziweka mfukoni.

Kabla ya kugusa kabureta tulifanya jaribio moja ambalo mi naona mtu yeyote akijua ameokoa hela yake. Kwanza unatoa siti unaacha wazi dakika tano nzima, hilo usiliruke, maana bodi la jetiski ni kama sanduku, mvuke wa petroli ni mzito unatulia chini huko ndani, na cheche moja tu inatosha kuunguza watu. Unatoa plagi, unaziangalia. Zake zilikuwa nyeusi zimelowa, tukaweka mpya. Kisha unadondosha petroli mpya iliyochanganywa na oili, kijiko cha chai kimoja kila tundu, unarudisha plagi na vifuniko vyake, unapiga selfu. Ikiguruma sekunde mbili ikazima, umeshapata jibu: cheche ipo, kompresheni ipo (yaani silinda bado inabana hewa), injini nzima, tatizo ni mafuta hayafiki. Na ndivyo ilivyokuwa. Iliguruma, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Yule fundi mwenyewe akasema, "Kumbe nzima."

Na tafadhali usitumie zile dawa za kupulizia za kuwashia magari kwenye injini ya aina hii. Oili yake inaingia pamoja na mafuta, ile dawa haina oili, pistoni inasugua kavu, hapo sasa utanoki kweli.

Kabureta zake sio kama za bodaboda zenye bakuli chini. Zina kiwambo cha mpira, na ndani kuna kichujio kidogo cha waya kama ukucha wa mtoto. Tulipofungua, kile kichujio kilikuwa kimezibwa na ute wa kahawia, ukiugusa unavutika kama utomvu wa fenesi, na tundu za jeti ya chini, zile zinazopitisha mafuta injini ikiwa taratibu, hazionekani kabisa. Hapa namsifu yule kijana, mikono anayo. Aliziloweka, akaenda nazo kwa mziba pancha akazipuliza kwa kompresa, hakuzichokoa kwa waya kama wengine wanavyofanya, maana waya unapanua tundu na hutapata tena sailensi nzuri, yaani ule mngurumo wa taratibu bila kukanyaga mafuta. Viwambo vilikuwa bado vinapinda, vingekuwa vimekauka vingebadilishwa. Tukaosha tangi, tukabadilisha filta, tukachanganya upya 50 kwa 1, mililita 100 za oili kwenye lita 5.

Yapo mengine yanayofanya isiwake na sikatai. Kile kikamba cha usalama cha mkononi kisipokaa kwenye swichi yake haiwaki hata ufanyeje, nimeona watu wazima wanahangaika saa nzima kwa hicho. Fyuzi. Vichwa vya betri vyenye unga wa kijani. Nyigu wa udongo waliojenga kwenye ekzosi, panya waliotafuna waya.

Betri naiongelea kidogo kwa sababu inasingiziwa na yenyewe inasingizia wengine. Ikiwa imejaa na imepumzika inasoma volti 12.6 au 12.7. Ya mjomba ilisoma 11.8, ukipiga selfu inashuka mpaka 8, hapo injini inazunguka kichovu na cheche inakuwa dhaifu, unadhani plagi mbovu. Kosa lililofuata ni kuibusti, yaani kuiunganishia betri ya gari, na Noah ikiwa inaunguruma. Usifanye hivyo, umeme wa gari linalowaka unaweza kuunguza vifaa vya jetiski. Itoe, ipeleke ikachajiwe usiku mzima. Na selfu usishikilie zaidi ya sekunde tano kwa mkupuo, iache ipoe, maana stata, ile mota inayozungusha injini, nayo inaungua na hiyo ndiyo bei.

Nakubali pia, japo sipendi, kwamba kuna siku fundi anasema imenoki na anakuwa sahihi. Maji yakiwa yaliingia kwenye silinda yakakaa mwaka mzima, ringi zinashika kutu. Lakini hilo nalo linapimwa! Toa plagi, zungusha shafti kwa mkono. Ikizunguka, haijashika. Isipozunguka, hapo tuanze kuongea laki tisa. Na hizi mpya zisizo na kabureta zinataka kompyuta, mi huko siingii.

Mnaweza kuniuliza mbona nakuwa mkali kwa chombo cha starehe. Ni kwa sababu ya upande wa pili wa tabia hii hii. Kuna mashine inayokaa muda mrefu halafu inawaka, kwa shida, kwa kulazimishwa, na watu wanashangilia wanapanda. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa nane, nilipanda moja ya namna hiyo na rafiki yangu. Tulitoka vizuri, tukifika mbali tukapunguza mwendo kupisha mtumbwi, ikazima. Mafuta yale yale ya zamani, jeti zile zile zilizoziba, ukiwa kasi inavumilia, ukipunguza inakufa. Tulipiga selfu mpaka betri ikaisha. Upepo wa kusi mwezi wa nane mnaujua, ulikuwa unatusukuma kutoka nchi kavu, mawimbi yanapanda, na kila nikigeuka miamba ya nyumbani inazidi kuwa midogo. Tulikuwa na maboya mwilini, Mungu ni mwema, na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka mapema kwenda kutega ndio waliotuvuta. Rafiki yangu hakuongea njia nzima. Mi toka siku hiyo mafuta ya mwaka jana siyaamini hata kidogo.

Kwa hiyo ukiiweka, iweke vizuri. Ama mwaga tangi lote na uiwashe sekunde kumi kumi mpaka kabureta zikauke, ama ijaze tangi mpaka juu hewa ikose nafasi, pamoja na ile dawa ya kutunza petroli ukiipata, na hata hivyo usiiache mwaka. Matone ya oili kwenye tundu za plagi, zungusha kidogo, rudisha plagi. Betri itoke, ichajiwe kila mwezi. Na ukiwa unaisafisha kwa mpira wa maji, injini iwake kwanza ndio ufungue bomba, na ukimaliza funga bomba kwanza ndio uzime, ukikosea mpangilio maji ya ekzosi yanarudi kwenye silinda na hapo ndipo kutu inapoanzia.

Jumapili asubuhi tuliishusha, maji ya kiunoni ili isinyonye mchanga, na tukaangalia kwanza chini kama hakuna magugu maji kwenye mdomo wa pampu. Ilikohoa mara mbili, ya tatu ikashika. Tuliiacha inaunguruma mahali pale pale karibu dakika kumi, tunapunguza, tunaongeza, tunapunguza tena, haikuzima ndio tukaondoka ufukweni. Mjomba alimpa yule fundi elfu hamsini, na nilifurahi kwa sababu kazi ya kabureta aliifanya kwa moyo.

Likabaki lile dumu la petroli iliyooza, kama lita 18. Kuna mtu pale alisema tulimwage hapo hapo mawimbi yatachukua, na nilimpigia kelele mbele za watu, maana maji tunayokunywa mji huu yanavutwa ziwa hili hili, chanzo kimojawapo kiko hapo Capri Point. Gereji moja ya Mkolani wamekubali kulichukua waoshee spea. Mpaka waje lipo nyuma ya jiko, mbali na moto, mjomba kaliandika kwa makapeni herufi kubwa pande zote nne: USIWEKE KWENYE CHOMBO CHA MOTO.