Kompyuta inayopiga shoti ni mbovu, msitudanganye

"Hiyo ndiyo kawaida yake mama, ukiigusa kwa chini inakupiga kidogo." Maneno hayo yalitoka kwa kijana wa steshenari moja pale Mwanjelwa, Mbeya, wiki hii. Mama aliyekuwa akisubiri vyeti vya mwanawe vitolewe kopi alikuwa ameegemea meza, goti likagusa kasha la kompyuta, akaruka. Halafu akaomba radhi. Yeye aliyepigwa shoti ndiye aliyeomba radhi! Kijana akamwambia asijali, wateja wengi hushtuka hivyo hivyo, na kopi zikaendelea kutoka.

Nina hasira tangu siku hiyo, na si na kijana yule peke yake, maana naye aliambiwa hivyo na fundi wake. Nenda Kabwe, nenda Uyole, panda basi ushuke Iringa uzunguke Miyomboni, utapewa jibu lile lile. Mafundi wanalisema, wenye maduka wanalirudia, na watoto wetu wanakua wakijua kwamba kompyuta ni kitu cha kugusa kwa uangalifu kama jiko la moto.

Hakuna kompyuta iliyotengenezwa ili impige mtu shoti. Pale waya wa umeme unapoingia kwenye pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, kuna kapasita mbili, vipande vinavyotunza umeme, ndogo, za kuchuja makelele ya umeme. Moja imeungwa kati ya layini, waya unaoleta umeme, na bati la kasha, nyingine kati ya nyutro, waya unaourudisha, na bati hilo hilo. Kuna mkondo kidogo unaopenya hapo, na waliotengeneza wameuwekea njia ya kutokea: waya wa kijani wenye mstari wa njano, waya wa ethi, uupeleke ardhini. Waya huo ukikatika, au soketi ikiwa na tundu la ethi lisilo na waya wowote nyuma yake, bati linabaki katikati ya layini na nyutro. Umeme wetu ni volti 230, hivyo bati linakuwa na kama volti 115. Hizo ndizo zilizomrusha yule mama.

Haya, nakubali kwamba mkondo wa kompyuta moja ni mdogo. Mara nyingi haufiki hata miliampia moja, yaani sehemu ya elfu moja ya ampia, na mtu mzima mwenye afya atashtuka tu. Lakini mshtuko huo umemwambia jambo zito: nyumba hii, au ekstensheni hii, haina ethi. Siku waya wa layini ukichubuka ndani na kugusa bati, kasha zima litakuwa na volti 230 na hakuna kitakachokata. Wala mtu asinitajie fyuzi. Fyuzi ya 13 kwenye plagi haitikisiki mpaka ampia zizidi 13, wakati moyo wa binadamu unaweza kuvurugwa na mkondo usiofika hata sehemu ya kumi ya ampia moja. Fyuzi ipo kulinda waya usiungue. Ethi ikiwepo, layini ikigusa bati mkondo mkubwa hukimbilia ardhini, fyuzi inakatika hapo hapo. Ethi isipokuwepo, njia ya kwenda ardhini ni mtu atakayeshika.

Plagi zetu hizi za pini tatu zilipangwa Uingereza mwaka 1947, na pini ya juu ikafanywa ndefu kuliko wenzake kwa makusudi. Ndiyo inayoingia kwanza, ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, ili kifaa kipate ethi kabla ya kupata umeme. Sisi tunafanyaje? Tunachomeka kijiti au mfuniko wa kalamu tundu la juu, vifuniko vifunguke, tusukumize plagi ya pini mbili. Nimeona kompyuta ya mezani yenye waya wa pini tatu ikapitishiwa kwenye adapta ya pini mbili ili ienee kwenye ekstensheni. Ethi yote iliishia hapo. Najua kuna vifaa visivyohitaji ethi, kama chaja nyingi zenye alama ya mraba ndani ya mraba, kwa kuwa zimewekewa kinga mara mbili. Sawa. Kasha la bati la kompyuta ya mezani halimo humo.

Sasa nifike kwenye linaloninyima usingizi, nalo ni vyumba vya kompyuta mashuleni.

Mnavijua. Kompyuta zimekuja kwa msaada, zimepangwa kwenye meza ndefu, meza nyingine ni za chuma, na zote zinakula umeme kutoka soketi moja au mbili kwa ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Mlangoni kuna tangazo: vua viatu. Watoto wanaingia peku au na soksi juu ya sakafu ya saruji, ambayo asubuhi imepigwa deki na bado ina ubaridi wa maji. Vumbi linaharibu kompyuta, hilo kweli, na vumbi la kiangazi kwetu si la mchezo. Ila tazameni tunachofanya. Kama ethi ya ile ekstensheni ya kwanza imekatika, makasha yote yameunganishwa kwa waya wa ethi ambao haufiki popote. Mvujo wa kila kompyuta unajumlishana na wa jirani yake. Kompyuta 20, kila moja ikivujisha chini kidogo ya miliampia moja, zinakaribia miliampia 20, na kuanzia kama 10 mkono unaweza kushindwa kuachia ulichoshika. Mkondo wote huo unasubiri mtu mmoja aguse kasha moja. Na mtu huyo ni mtoto wa darasa la sita, tuliyemvua viatu wenyewe, soli za mpira zikabaki mlangoni.

Mwalimu akiambiwa "teacher, hii inapiga," anamwambia mtoto asiguse pembeni, aguse kibodi. Jamani!

Mafundi nao nina neno nao. Mnawaambia vijana wanaojifunza kwenu kwamba umeme wa kompyuta ni mdogo, volti 12. Kwenye madabodi, ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, ni kweli. Ndani ya pawa saplai umeme ukishanyooshwa, yaani kufanywa uende upande mmoja tu, unafika kama volti 325, na kapasita kubwa zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani, hasa kwenye saplai mbovu, na mbovu ndizo zinazoletwa kwenu. Kijana wa kandambili hana sababu ya kulifungua hilo boksi kabla hajafundishwa kupima kwa mita. Televisheni za kizamani za kichogo ndizo msiwaachie kabisa, zinafika volti zaidi ya 20,000. UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, hutoa umeme hata ikiwa imechomolewa. Pete na saa za chuma zivuliwe. Na wale wa Makambako na Njombe ambao baridi ya Julai na masweta huwajaza umeme tuli, msijifunge waya mtupu wa shaba mkononi ukaenda ardhini ili kuuondoa. Mkanda halisi wa kazi hiyo una kizuizi cha ohmu milioni moja, na ndicho kinachomwokoa aliyeuvaa akigusa layini kwa bahati mbaya.

Mwalimu mkuu, mwenye duka, unayesoma hapa: mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, aje na kipimo, apime ethi ya jengo, halafu apime tundu la ethi la kila soketi na kila ekstensheni. Mwulize fimbo ya ethi iko wapi na imezama kiasi gani, kwa sababu kipande cha nondo kilichochomekwa juujuu kitaonekana kinafaa Machi udongo ukiwa umelowa, kisha Septemba udongo ukikauka kisisaidie kitu. Weka breka inayokata mkondo ukivuja miliampia 30. Hizo ni fedha, nafahamu, na shule nyingi hazina. Basi kompyuta mpya zisubiri, na hizi zilizopo zizimwe hadi ethi ipimwe. Na tangazo la viatu libanduliwe leo, hilo halina gharama.